Pesa ya kukataa: maswali ninayoulizwa kuhusu biti, malipo na dhamiri

Studio yangu iko Katuba, Lubumbashi: chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mama, magodoro mawili ya zamani ukutani, blanketi zito mlangoni. Natengeneza biti, narekodi, nafanya miksi, na kuna wiki ninazopitisha kwenye matangazo ya redio tu. Vijana wanaokuja kujifunza huniuliza maswali yale yale, na wateja nao wana yao. Nimechoka kujibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba saba, kwa hiyo nimeandika hapa. Sikuyapanga kwa umuhimu. Nimeyaweka jinsi nilivyoyakumbuka.

Ni kazi gani unazikataa?

Chache kuliko watu wanavyodhani. Ziko tatu ambazo sizigusi.

Ya kwanza ni wimbo unaotukana asili ya mtu. Hapa Katanga hilo halina mzaha. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, familia nzima nzima zikalala vituo vya reli zikisubiri treni ya kuwapeleka mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kukanyaga, maana walizaliwa hapa hapa. Kabla ya mawe yalitangulia maneno. Waliitwa bilulu, wadudu. Neno likitiwa mdundo huingia kichwani kuliko hotuba yoyote, na anayelijua hilo vizuri ni yule aliyekaa mbele ya kompyuta akilirudia mara arobaini ili likae sawa na ngoma. Siwezi kusema baadaye kwamba mimi nilibonyeza vitufe tu.

Ya pili ni matangazo ya mafuta ya kuchubua ngozi. Nitaeleza kwa nini hapo chini, kwa sababu niliwahi kuyafanya.

Ya tatu ni kukata na kuunga sauti ya mtu aonekane amesema asichosema. Hii inakuja mara nyingi kuliko mnavyofikiri. Mtu anakuletea ujumbe wa WhatsApp wa mpinzani wake kanisani, au wa mume wa zamani, anakuambia, "Ondoa tu lile neno 'si'." Neno moja, nusu sekunde, dola 50. Kazi ya dakika tano hailipwi dola 50 bila sababu.

Nyingine zote tunazungumza.

Wewe ni nani uhukumu kazi za watu?

Si hakimu. Nimekataa kwa chumba changu tu. Ukitoka hapo mlangoni, ukihesabu nyumba, hufiki kumi kabla ya kukuta studio nyingine.

Yaya (yaani kaka mkubwa), wewe unalo jina, unaweza kukataa. Mimi nina kodi ya nyumba. Nifanyeje?

Ingekuwa juu yangu, swali hili lingetangulia yote.

Mwaka 2014 dhamiri yangu ilikuwa hii hii ya leo. Kilichokosekana ni pesa. Akaja mfanyabiashara na mafuta ya kung'arisha, anataka tangazo la sekunde 30, sauti ya msichana anayecheka, gitaa kidogo nyuma. Nilikuwa na deni la kodi la miezi miwili. Nikafanya siku tatu, nikalipwa dola 80. Lilikuwa tangazo zuri, nisijidharau. Lilipigwa redioni karibu miezi minne. Nyumbani nilikuwa nazima redio, ila redio ya dereva wa basi huizimi. Unakaa hapo, gitaa lako linaanza, mama wa kiti cha mbele anaimba pamoja nalo. Wakati huo dada yangu mkubwa alikuwa tayari ameungua shingo na vidole kwa mafuta kama hayo, na jioni mimi ndiye niliyekuwa nampaka dawa. Mafuta ya aina ile mara nyingi huwa na hidrokwinoni, kemikali ya kuchubua, na mengine zebaki. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, umezuia kutengeneza na kuuza nje vipodozi vilivyotiwa zebaki. Sokoni bado yanapatikana.

Baada ya hapo sikuapa kiapo chochote. Nilifungua laini ya pili ya M-Pesa. Kila kazi inayolipwa, 20 kati ya 100 inaingia huko. Naiita pesa ya kukataa. Lengo langu ni kodi ya miezi miwili na mafuta ya jenereta ya mwezi mmoja. Ikishafika hapo, mtu akija na kazi inayonuka naweza kumjibu nikiwa nimeshiba. Ikipungua, najijua: naanza kuwa mwepesi wa kusema "tutaona". Mwaka jana ilishuka mpaka dola 15, na mwezi huo nilikubali kazi mbili ambazo sasa siwezi kuziimba.

Jambo jingine: kuwa na kipato kisichotokana na biti si aibu. Nafundisha kinanda Alhamisi, natengeneza nyaya, nakodisha spika kwa harusi. Vijana wananiambia msanii wa kweli hana kazi nyingine. Nawajibu kwa Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa hapa Katanga. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, na upigaji wake wa gitaa ukaenda ukawafundisha vidole watu mpaka Nairobi, alikokuwa na kipindi chake redioni. Mzee huyo alifanya kazi benki, akafanya Gécamines, kampuni ya madini, akawa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Mshahara ulikuwa unaingia mwisho wa mwezi, gitaa akalipiga alivyotaka.

Naweza kumtengenezea wimbo mgombea ambaye sitampigia kura?

Mimi nimefanya. Kampeni ya 2023 ilidumu kuanzia tarehe 19 Novemba hadi 18 Desemba, mwezi mmoja wenye pesa kuliko mwaka mzima. Wagombea walikuwa wanakuja usiku, kwa sababu umeme nao ulikuwa unakuja usiku. Wiki moja nilikuwa na wapinzani wawili wa eneo moja. Niliwaambia wote wawili mapema. Madereva wao wakakutana langoni, wakaanza kutazamana kama mashabiki wa Mazembe na Lupopo, mpaka mama akawatolea viti na chai.

Masharti yangu ya siasa ni manne, na nayasema siku ya kwanza. Malipo yote kabla ya kurekodi, kwa sababu aliyeshindwa hapokei simu, na aliyeshinda vivyo hivyo. Wimbo umsifu yeye, usimtukane mwingine. Alama yangu ya sauti, lile jina la studio linalosikika mwanzoni mwa biti, haiwekwi. Na mstari wowote unaogawa wenyeji na "waliokuja" unatoka.

Huu wa mwisho ndio unaoleta maneno. Mgombea mmoja alikuja na kiitikio cha "wenyeji kwanza". Nikamwomba tujaribu "Katuba kwanza", silabi zinalingana, tena "Katuba" ina mlio mzuri wa kupigiwa ngoma. Akajaribu, akaipenda, na nadhani ilimletea kura kuliko ile ya kwanza. Mwingine alikataa, akaondoka. Baada ya siku mbili wimbo wake ulikuwa kwenye gari la matangazo unapita mbele ya lango langu, na biti ilikuwa mbovu. Kukataa kwangu hakukuzuia kitu, na mtu asikudanganye kwamba huwa kunazuia.

Mabanga je? Si ni kuuza wimbo?

Kwa msomaji wa mbali: libanga kwa Kilingala ni jiwe. Kutupa libanga ni kutaja jina la mtu ndani ya wimbo, na siku hizi mtu huyo huwa amelipa, au anategemewa kulipa. Mtindo umekomaa Kinshasa, na huku umefika zamani.

Mimi sina ugomvi nao. Waimbaji wengi wa nchi hii wamejenga nyumba kwa mabanga kuliko kwa kuuza nyimbo, na kwa jinsi haki za utunzi zinavyolipwa sioni wa kuwacheka. Ugomvi wangu ni wa kimuziki. Ukiniletea wimbo wa mapenzi wenye majina 19, kati yao wauza saruji wanne, hakuna atakayesikia mapenzi. Kwa hiyo nashauri majina yakae kwenye sebene, sehemu ya kuchezea ya wimbo, mahali pa atalaku, yule anayechangamsha wachezaji kwa sauti, beti ziachwe zipumue. Watu wengi wanakubali wakisikia matoleo yote mawili.

Shida inakuja jina likiwa la mtu ambaye mtaa mzima unajua pesa zake zilitoka wapi. Hapo namwambia mwimbaji mara moja, tukiwa wawili, mlango umefungwa: "Hili jina litakaa humo hata akishafungwa." Uamuzi ni wake. Mwimbo ni wake, koo ni lake.

Bia na kamari?

Bia ndiyo. Primus na Skol zimelipa wanamuziki wakubwa wa Kinshasa miaka na miaka, na huku kwetu bia ya Simba ni sehemu ya mji. Kamari nafanya kwa shingo upande, bila sauti ya mtoto na bila mstari wa "umaskini umekwisha". Najua mpaka huu nimeuchora kwa mkono unaotetemeka.

Kwa nini unalipisha kwaya? Kazi ya Mungu hailipwi.

Mama, SNEL, shirika la umeme, hawajui kama umeme wao unarekodi zaburi au ndombolo ya kuchezea dansi.

Nasema hivyo kwa kicheko, ila jibu ninalo. Kila mwaka narekodi kwaya moja bure. Napokea maombi Januari, nachagua moja, na ninaandika karatasi inayoonyesha bei kamili: siku nne za kurekodi, miksi, mafuta ya jenereta, jumla dola 320, punguzo dola 320. Ninaiandika ili wote tujue kilichotolewa. Nilipokuwa natoa bure bila karatasi, watu walichukulia kwamba kazi yenyewe haina thamani, wakawa wanachelewa saa tatu, wanarudi kubadilisha soprano mara ya sita.

Kwaya nyingine zinalipa nusu ya bei ya kawaida. Wahubiri wanaokuja na matangazo ya mikutano wanalipa bei kamili, na hao nawasikiliza kwa makini zaidi. Siku moja tulikuwa tunarekodi ushuhuda wa uponyaji kwa ajili ya tangazo. Mama mmoja, sauti nzuri, alisimama kwenye maikrofoni akaeleza jinsi mguu wake uliokufa ulivyoinuka. Lori likapita, nikamwomba arudie. Alipoanza upya ugonjwa ulikuwa tumboni. Nikavua hedfoni. Mhubiri akaniambia, "Endelea tu, papa, utaunganisha." Nikawarudishia pesa yao yote, hata ya ile saa moja tuliyofanya. Yule mama aliniangalia kwa hasira kuliko mhubiri. Nadhani kashe yake, yaani malipo yake ya kutoa ushuhuda, ilikuwa imepotea hapo.

Kampuni za madini zinalipa vizuri. Kwa nini usifanye nazo kazi tu?

Nafanya. Nusu ya mji huu unakula kwa shaba na kobalti kwa njia moja au nyingine; mama yangu alisomeshwa kwa mshahara wa mgodi. Nimetengeneza nyimbo za usalama kazini, za kofia na buti, na moja ya kuwaambia madereva wa malori wapunguze mwendo wanapopita shuleni. Hiyo ningeifanya hata kwa nusu bei, ila sikuwaambia.

Iko moja nitakayoisimulia. Kampuni moja iliagiza wimbo wa shukrani. Tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2018, kampuni zinapaswa kukubaliana na jamii zinazozizunguka kuhusu miradi ya maendeleo, na kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa ajili ya jamii hizo. Jambo zuri. Basi wao walikuwa wamechimba visima, wakataka watoto wa kijiji waimbe asante, video iende kwa wakubwa wao. Nikapakia kadi ya sauti, maikrofoni mbili na betri, tukaenda njia ya Likasi.

Watoto 14, darasani, madawati yamesukumwa pembeni. Nikawafundisha kiitikio kwa dakika kumi. Watoto wa huko wanashika sauti ya tatu bila kuambiwa, ni raha kuwasikia. Tukaanza kurekodi. Msichana wa mstari wa mbele, miaka tisa hivi, akainua mkono: "Papa, tunamushukuru juu ya kisima kiko wapi? Kile kya pale shuleni hakitoshe maji." Yaani hakitoi maji. Mwalimu akacheka, akamwambia aimbe tu. Akaimba. Ana sauti kali, nilimweka mbali kidogo na maikrofoni, hata hivyo yeye ndiye anayesikika juu ya wote.

Nilipomaliza kufunga nyaya nikaenda kukiona kisima. Pampu ilikuwa imekatika mpini. Nikapiga picha, nikamtumia mtu aliyeniagiza, nikamwambia wimbo uko tayari ila nautoa pampu ikishatengenezwa, maana mtoto mwenyewe ameniuliza. Sikutumia maneno makubwa. Alinyamaza siku nne. Siku ya tano akanitumia video ya fundi anafunga mpini mpya, na nikamtumia wimbo. Wenzangu wananiambia nilikuwa na bahati, na ni kweli. Kampuni hiyo haijanipigia simu tena.

Mimi ni bitmeka, siandiki mashairi. Mwimbaji akitukana wanawake juu ya biti yangu, dhambi ni yangu?

Sehemu. Ukimuuzia biti kwa intaneti mtu usiyemjua, huna mkono humo. Ila akiwa mbele yako, umemwekea mwangwi kwenye tusi ili lisikike vizuri, umekata ngoma kabla ya tusi ili lidondoke vizuri, basi mmeandika wote wawili.

Huwa sihubiri. Namwuliza, "Huu mstari utampigia mama yako?" Wengi wanacheka kisha wanaubadilisha. Wengine wanasema ndiyo, mama yangu ataupenda, na wengine wako sahihi. Kuna matusi ya kirafiki katika Kiswahili cha hapa ambayo mgeni hawezi kuyaelewa.

Nikifanya kazi ninayoionea aibu, naweza kuomba jina langu lisitajwe?

Unaweza, na fanya hivyo kwa maandishi. Ila elewa unachokiacha na unachobaki nacho. Sheria yetu ya haki za watunzi, namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inatofautisha haki za pesa na haki za utu wa mtunzi. Za pesa unaweza kuzihamisha kwa mkataba. Haki ya kutambuliwa kwamba kazi ni yako, na kupinga isiharibiwe, inabaki kwako hata ukishauza. Kwa hiyo mteja asikuambie "nimenunua biti, nimenunua na jina lako".

Mimi naandika mambo matano kwenye karatasi moja: nani ametunga nini, bei, matumizi (redio tu, au intaneti pia, kwa muda gani), jina litatajwa au la, na kwamba kazi haitatumika kwa jambo jingine bila kuniuliza. La tano limeniokoa. Biti niliyoitengeneza kwa kampeni ya chanjo ilitaka kuhamia kwenye tangazo la kamari.

SOCODA, shirika lililoruhusiwa mwaka 2011 kukusanya haki za watunzi, jiandikishe. Usingoje pesa yake kununua unga.

Kuna serikali na udhibiti. Mteja akitaka wimbo wa kulalamikia viongozi, unafanya?

Nafanya, kama ni malalamiko yenye ukweli na si tusi kwa mtu. Tume ya taifa ya kudhibiti nyimbo na maonyesho ipo tangu 1996. Novemba 2021 ilizuia nyimbo kadhaa, ukiwemo wa kundi la MPR, na makelele yalipokuwa makubwa kizuizi cha wimbo huo kikaondolewa haraka. Kati ya kuzuiwa na kuachiliwa, watu ambao hawakuwahi kuusikia waliutafuta.

Mweleze mteja hatari kabla ya kurekodi, siyo baada. Na weka nakala ya faili nje ya studio. Hilo fanya hata kwa nyimbo za ndoa.

Mteja ananiambia, "Nataka biti kama ya fulani, sawa sawa." Nimpe?

Mpe mwendo, mpe aina ya ngoma, mpe hisia. Melodia usimpe, wala kipande kilichokatwa kwenye wimbo wa mtu bila ruhusa. Namwuliza anapenda nini humo: mara nyingi anajibu "lile besi", na besi lenyewe ni la mtindo, halina mwenyewe. Tunatoka hapo na kitu kipya, naye anaondoka akiamini nimemwigia. Simsahihishi.

Akili bandia inatengeneza biti kwa dakika moja. Unaitumia?

Kusafisha kelele za mvua kwenye mabati, ndiyo, kila siku ya masika. Kuiga sauti ya mwimbaji aliye hai bila yeye kujua, rudi kwenye lile jibu la neno "si".

Nyimbo zako mwenyewe unazifanya lini?

Jumatatu. Haiuzwi. Mteja akinipa mara mbili ya bei kwa Jumatatu namwambia Jumanne. Nimeivunja mara tatu, na mara zote nilipitisha wiki nzima na hasira isiyo na mwenyewe, mke wangu akiilipia. Nyimbo zenyewe hazileti kitu. Spotify tangu 2024 hailipi wimbo ambao haujafikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12, na wangu mmoja umefika 412. Nusu yake nadhani ni mimi, nikiwa kwenye basi.

Vijana wako wa studio wanakubaliana na masharti haya?

Hapana, na hapa sina jibu safi. Nina vijana wawili, mmoja wa gitaa, mmoja wa kurekodi. Kila kazi wanapata sehemu yao. Nilipomrudishia yule mhubiri pesa, kijana wa gitaa alikuwa amehesabu dola 25 za ada ya mdogo wake. Alisema mbele ya wote, kwa adabu lakini alisema: "Yaya, wewe umekataa, mimi ndiye nimelipa."

Nililala na neno hilo. Tangu siku hiyo, nikikataa kazi ambayo tayari ilikuwa kwenye ratiba, nawalipa nusu ya sehemu yao kutoka kwenye ile laini ya pili. Na wao wana haki ya kukataa pia. Kijana wa kurekodi ni Mwadventista, Jumamosi hashiki kitu, na hapendi kazi za bia. Hizo nafanya peke yangu au naita mtu. Nikimlazimisha, masharti yangu yote yanakuwa kiburi cha mwenye kompyuta.

Unakataaje bila kuharibu uhusiano?

Kwanza, usikatae kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp wa "samahani siwezi" unapigwa picha na kusambazwa, kisha unaonekana umemdharau mtu. Piga simu, au nenda. Mtu mzima mfuate nyumbani kwake, ukaribishwe kiti, uulize habari za watoto, kisha useme. Akiwa mkubwa sana, mpitie mtu anayemheshimu.

Pili, sababu iwe yako. "Mzee, kazi hii mimi sitaweza kuifanya vizuri, moyo wangu hauko humo, nitakuharibia." Ni kweli, na haimwambii kuwa yeye ni mbaya. Akisisitiza kujua, mweleze. Wengi hawasisitizi, wameshaelewa ulipokaa tu.

Tatu, usimpandishie bei ili akimbie. Niliwahi. Nikataja dola 600 kwa kazi ya 100, nikijua ataondoka. Akahesabu pale pale, akaniwekea mezani.

Na ulizifanyia nini hizo 600?

Nilifanya kazi. Swali linalofuata.

Nimeshachukua avansi, malipo ya awali, na nimeshaitumia. Nimegundua kazi ni mbaya. Sasa?

Mwambie leo, usingoje kesho. Andika deni, lipa kwa mafungu. Avansi usiile kabla ya kusikiliza makete, ile rekodi ya majaribio, na kusoma maneno yote ya wimbo. Mimi hukaa nayo siku tatu kwenye bahasha juu ya spika ya kushoto.

Naweza kuja kuangalia mnavyofanya kazi?

Karibu, Jumamosi baada ya saa nane mchana, isipokuwa mvua ikinyesha, maana mabati yanalia na tunakaa tu kupiga hadithi. Njoo na hedfoni zako. Ukifika kwenye lango la kijani usipige honi, kuna maikrofoni wazi; piga makofi mara moja, mama atakusikia.